Visivyoingia Kiondoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua daftari hili la kurasa mia mbili mjini Machakos kwa sababu siwezi kutulia. Wamuyu, anayefundisha hesabu na kuketi meza ya pili kutoka yangu, ameniambia nikiendelea kutembea huku na huku ofisini atanifunga kamba mguuni. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Kiingereza ni cha Baba na Kikamba ni cha Mama, na humu ndani sitaki kusahihishwa na yeyote.

Mambo yenyewe ni haya. Naitwa Mwelu, nina miaka thelathini na minne, nafundisha Kiingereza gredi ya saba katika shule ya kutwa upande wa Katelembo. Jumamosi ya tarehe 26 Aprili watu wa Ndolo wanakuja kwetu kuleta ntheo. Mbuzi watatu: majike wawili na beberu mmoja wa kuchinjwa. Kwetu Ukambani hilo ndilo jambo. Kanisa hufuata, pete hufuata, lakini bila mbuzi wa ntheo mke ni mgeni tu aliyekaa sana. Ndolo ana duka la dawa za mifugo kule Matuu. Ni mtu wa maneno machache, na nimemngoja mwaka na nusu aamue. Zimebaki siku hamsini na nne.

Mvua bado. Mama amepanda mahindi ndani ya vumbi, kama kila mwaka.

Jumanne, 4 Machi

Vumbi. Ndolo hakupiga simu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimefundisha nomino za Kiingereza, zile za vitu vya kushikika na zile za dhahania. Nimefundisha kama Baba alivyonifundisha mimi na nusu ya watu wa kata hii, kwa miaka thelathini na mmoja kabla hajastaafu. Kila aliyepita mikononi mwa Mwalimu Wathome analijua somo la kiondo. Unaingia darasani na kiondo kikuukuu cha katani, unakiweka mezani, na wanafunzi wanataja nomino mojamoja. Jiwe linaingia. Embe linaingia. Kiatu cha aliyechelewa kinaingia, na darasa linacheka. Halafu unasema, sasa tieni subira. Tieni heshima. Tieni ndoa. Unakipindua kiondo, hakianguki kitu, na somo limekwisha.

Kiondo chenyewe nilikiazima kwa Baba asubuhi. Alinitazama juu ya miwani.

"Wasikudanganye upepo ni dhahania," alisema. "Hapo wanafunzi huanguka kila mwaka."

Mama ndiye aliyekisuka, mwaka walipooana. Hilo hakuna aliyewahi kulisema darasani.

Somo lilikwenda vizuri mpaka msichana wa dawati la mbele, Mumo, alipoinua mkono. "Mwalimu, kama hicho kitu hakiingii kwa kiondo, tutajuaje kiko?" Kengele ikalia kabla sijajibu, nami nikatoka haraka kuliko wanafunzi.

Jumapili, 9 Machi

Ndolo alikuja baada ya kanisa. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye lango na funguo mkononi, akizizungusha, na Ndolo si mtu wa kuzungusha kitu.

"Shangazi yangu Nzilani alienda kwa mjomba wako Kaloki," alisema. "Kuuliza tu habari za nyumbani kwenu, vile watu huuliza. Wanaishi karibu."

"Na?"

"Kaloki amesema mamako hajatolewa ntheo."

Nilicheka. Wazazi wangu wana miaka thelathini na minane ya ndoa, na cheti cha kanisa kimo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chao. Ndolo hakucheka.

"Amesema mbuzi zako ziende kwake. Babako hawezi kupokea mbuzi za mtoto na hakupeleka za mama. Na unajua ni ukweli, Mwelu. Ndivyo iko."

Najua ndivyo ilivyo. Mbuzi wa binti hupokelewa na baba aliyetoa wa mama. Asipokuwa ametoa, hupita mlango wake na kwenda kwa wajomba, naye huketi pembeni kama jirani aliyealikwa.

"Na mamako wewe anasemaje?"

"Hatoki Matuu mpaka hiyo maneno iishe."

Nilimkasirikia yeye, ingawa hana kosa. Aliondoka bila chai.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Baba.

Nilimkuta kwenye michungwa yake, akifunga kipandikizi kwa utepe wa plastiki. Hii ndiyo sababu hatufugi mbuzi: Baba husema mbuzi ni mnyama asiye na adabu, na katika boma letu hajawahi kulala hata mmoja. Nilidhani atafoka. Alitabasamu, lile tabasamu la kumrekebisha mwanafunzi ambaye karibu amepata.

"Kaloki amesahau," alisema. "Amesahau baiskeli."

Hadithi ya baiskeli tunaijua sote. Mwaka wa themanini na saba Baba alikuwa mwalimu mpya kutoka chuoni, shati jeupe, nywele zimechanwa kando. Wenzake walikuwa wakipeleka mbuzi. Yeye akaona mwalimu hawezi kwenda ukweni akivuta mbuzi kwa kamba. Alinunua baiskeli nyeusi mpya yenye dinamo na taa, akaisukuma kwa miguu kutoka mjini mpaka kwao Mama, Yatta, ng'ambo ya mto Athi, siku mbili, bila kuipanda hata mara moja, ili ifike na magurudumu safi. Babu aliipokea mbele ya watu. Tumeisikia kila Krismasi.

Tulikwenda wote wawili hadi barazani. Mama alikuwa ameketi na ungo, akichambua maharagwe ya mbegu.

"Mama Mwelu," Baba alisema, "ile baiskeli niliyompelekea babako, si ndiyo ilikuwa ntheo?"

Mama hakuinua macho. "Ilikuwa baiskeli, Mwalimu."

"Aliipokea. Alishukuru, watu wakiwa hapo."

"Zawadi si hushukuriwa? Ulikuwa umetoka mbali na shati nyeupe. Hakutaka kukuaibisha."

"Alienda nayo sokoni miaka ishirini."

"Alienda nayo. Ikaharibika, ikawekwa kwa nyumba ya kuku. Mbuzi ingezaa, na mtoto wake azae, na watu waseme jina langu, hiyo ni mbuzi ya Kamanthe. Baiskeli haizai."

Baba alisimama pale na utepe wake wa plastiki bado mkononi.

"Na hukuniambia," alisema mwishowe.

"Uliniuliza?"

Hapo ndipo alipofoka, na alifoka kwa Kiingereza, jambo ambalo hulifanya akiwa ameumia. Kwamba ndoa ni ahadi. Kwamba aliapa mbele ya madhabahu na hakuivunja siku hata moja, na hilo ni kweli. Kwamba ana miaka sitini na sita na hataburuta mbuzi barabarani ili Kaloki apate nyama. Mama alimaliza ungo wa kwanza, akamimina wa pili.

Nikiri hapa. Nilikuwa upande wa Baba. Nilimtazama Mama na kuwaza, miaka yote hiyo unakaa na jambo kubwa hivi kama mtu aliyeficha sukari.

Jumatano, 12 Machi

Mawingu juu ya vilima vya Iveti, yakaja, yakapita. Baba na Mama wanasalimiana kama watu waliokutana benki.

Ijumaa, 14 Machi

Wamuyu ana dawa ya kila kitu. "Si muende tu ofisi ya ndoa hapo mjini, msaini, muishe na hiyo story?" Nikampigia Ndolo wakati wa chai.

"Nikifanya hivyo," alisema, "nitakuwa nimefanya kama baiskeli."

Nani amemwambia habari za baiskeli? Kaloki, bila shaka. Yatta yote inajua.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimefanya jambo ninaloliandika kwa aibu.

Mama alikuwa kwenye tuta la chini akitengeneza mtaro wa maji kabla ya mvua. Nilimfuata na simu mkononi. Nikamwambia, Mwaitu, mama yangu, mpigie mjomba. Wewe ndiye mwenye jambo. Mwambie umesamehe, mwambie hujali, mambo yaishe. Nilikuwa tayari nimeitafuta namba.

Aliuegemea mpini wa jembe.

"Nimwambie sijali."

"Ndiyo."

"Unataka niseme hivyo, ama unajua iko hivyo?"

Nikairudisha simu mfukoni. Akachukua jembe.

"Mwanamke haombi mbuzi yake, Mwelu. Akiomba, hiyo si ntheo tena. Hiyo ni njaa. Na wewe unataka niombe nisipewe."

Akaendelea kuchimba. Nilirudi nyumbani na viatu vimejaa udongo mkavu, na siku nzima sikuweza kukaa mahali pamoja. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua imefika, saa nane mchana, katikati ya kipindi. Mabati yalipiga kelele hata sikuweza kufundisha, tukakaa tu tukiitazama, mimi na watoto arobaini na watano.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Nimesahihisha zoezi la nomino za dhahania. Niliwaambia watumie kila moja katika sentensi. Kwenye heshima, Mumo ameandika kwamba heshima ni mama yake anapompa mgeni kiti chenye mgongo, yeye akakalia ndoo. Sentensi haikuwa sahihi kabisa. Nilikaa nayo kwa muda mrefu kuliko karatasi nyingine zote kisha nikaipa alama kamili, na Wamuyu akaniuliza kama ni mgonjwa.

Alhamisi, 20 Machi

Mahindi yameota. Siku thelathini na saba. Ndolo anasema mama yake ameulizia tena.

Jumamosi, 22 Machi

Leo ilikuwa ntheo ya Winrose, binti wa jirani yetu Jeremiah, hapo tu ng'ambo ya korongo. Asubuhi Mama alisema kichwa kinamuuma. Tukaenda mimi na Baba.

Walimpa Baba kazi ya kuwakaribisha wageni, kwa kuwa ni mwalimu, na alizungumza vizuri mno. Alisema ndoa ni neno dogo lenye nyumba kubwa ndani yake. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, na nitaandika jambo nililoliona huko, maana nimelizoea hata nilikuwa silioni. Nyama inapoiva, wanawake husimulia mbuzi wao. Mke wa Jeremiah alisema wake walitoka Mwala na mmoja alikuwa na pembe moja. Bibi mwingine, wa miaka themanini hivi, alisema mweusi wake alikula kofia ya baba mkwe siku hiyo hiyo. Kila mmoja anajua rangi, anajua mkaidi ni yupi, anajua walizaa wangapi. Walicheka mpaka machozi.

Tuliporudi, manyunyu yalikuwa yakianguka. Mama alikuwa tuta la mwisho kabisa, gunia mabegani, akipalilia. Mtu mwenye kichwa kinachouma hapalilii vile. Baba alisimama kando ya ghala na mwavuli wake akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani.

Jumapili, 23 Machi

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nikihesabu.

Ntheo ya Winrose, kichwa. Ntheo ya binti wa mzee Ndambuki, ng'ombe alikuwa karibu kuzaa, na alizaa wiki mbili baadaye. Ntheo ya binamu yangu, Mama alifika na kiondo cha unga na sukari, akakitoa langoni, akasema amewaacha watu nyumbani. Hatukuwa na watu nyumbani. Kila nilipokumbuka moja, nyingine ilitokea nyuma yake. Tangu utotoni nimemjua Mama kuwa mtu asiyependa watu. Nimewaambia wengine hivyo. Nimemwambia Ndolo hivyo, nikicheka.

Baada ya chakula nilimfuata Baba kwenye michungwa nikamtajia zote, moja baada ya nyingine. Alisikiliza kama anayeitiwa majina ya wanafunzi.

"Ya Ndambuki ilikuwa mwaka gani?" aliuliza.

"Elfu mbili na kumi na saba."

"Mimi ndiye nilimwambia Ndambuki ng'ombe anazaa." Akauegemea mchungwa. "Lakini kwa nini? Hakuna mtu angemfukuza. Hakuna mtu angeuliza."

"Asa, baba yangu, ulishaketi jikoni siku ya ntheo?"

"Nikafanye nini jikoni?"

Nikamweleza. Pembe moja, kofia ya baba mkwe, nani alizaa wangapi. "Zamu ikifika kwake," nilisema, "Mama angesimulia nini? Dinamo?"

Nilijuta neno hilo lilipotoka. Baba alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa. Ikabidi aivue tena. Nilimwacha hapo kwa sababu sikujua pa kuweka macho yangu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Baba hakula chakula cha mchana.

Alhamisi, 27 Machi

Nimetoka shuleni nikakuta mbuzi watatu wamefungwa kwenye nguzo ya baraza, na Baba kando yao katika koti lake la mikutano, tope mpaka magotini. Amekwenda soko la mifugo peke yake. Mtu ambaye hajawahi kununua hata kuku.

Mama alikuwa mlangoni na ungo. Hakuuliza ni wa nini. Aliwatazama mbuzi kutoka pale alipokuwa, mmoja mmoja.

"Hiyo ya madoa ni tasa," alisema.

"Aliyeniuzia alisema imezaa mara mbili."

"Angalia kiwele, Mwalimu. Hiyo haijawahi kunyonyesha hata jirani."

Akaingia ndani. Baba alinitazama, nami nikamtazama. Kisha akainama, mtu wa miaka sitini na sita na shahada ya ualimu, akachungulia chini ya mbuzi.

Jumatatu, 31 Machi

Amerudi sokoni akabadilisha. Safari hii ni jike jekundu lenye soksi nyeupe mguu mmoja wa nyuma, wa kushoto. Mama alishuka barazani, akapitisha mkono chini ya tumbo lake, akautuliza hapo.

"Hii iko na kitu ndani," alisema. "Hii iende."

Hilo tu. Lakini jioni alipika chapati, na ilikuwa siku ya kazi.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumefunga shule. Mbuzi wamekula vipandikizi saba vya michungwa. Baba alihesabu mara mbili.

Amempigia Kaloki. Alikwenda kuzungumzia kule ghalani, lakini Baba husema na simu kama anayesema na walioketi nyuma ya darasa. Nilisikia: "Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Ndiyo. Mbuzi. Ndiyo Kaloki, mbuzi, umenisikia vizuri." Kisha, kwa sauti ndogo: "Nilikosea. Nilikuwa kijana."

Jumanne, 8 Aprili

Mvua, siku ya nne mfululizo. Barabara ya kwenda Yatta imekuwa uji. Nimeangalia simu mara nyingi kuliko nilivyopumua. Kama hawatavuka Jumamosi, inabaki wiki mbili, na Kaloki si mtu wa kuahirishiwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumefika kwa mjomba, mimi na Mama. Anapaswa kuwa kwao mbuzi wakija, kama msichana yeyote. Alitoa kile kiondo cha Baba cha darasani kutoka kwenye msumari wake, akatia sukari, majani ya chai, unga na kitambaa kipya cha kichwa. Kikajaa hadi mdomoni. Njia nzima alikibeba mapajani na hakukubali nimsaidie.

Jumamosi, 12 Aprili

Nitaandika yote kabla sijasahau mpangilio wake.

Mvua ilianza alfajiri. Baba alikuwa aje kwa pikapu ya Jeremiah, pamoja na Jeremiah na wazee wawili. Walipaswa kufika saa nne. Saa tano, hakuna. Simu haziingii. Mjomba Kaloki, mtu mrefu mwenye mabega kama ya Mama, alikuwa akitoka mlangoni, anatazama barabara, anarudi, na kila akirudi alikuwa amefura zaidi.

"Mara ya kwanza alileta chuma," aliwaambia wazee wake. "Sasa pengine analeta barua."

Mama alikuwa chumba cha ndani na wanawake. Walimkalisha katikati. Shangazi zangu wa huku, wake za wajomba, wote wamevuka sitini, walikuwa wakimwita bibi harusi, wakimuuliza kama anaogopa, kama amefundishwa kupika. Yeye alitabasamu kidogo na mikono yake haikutulia, alikunja kona ya leso, akaikunjua. Mimi nilitembea kutoka dirisha hadi mlango hadi dirisha. Niliwaza tarehe 26. Kisha nikagundua kwamba kwa muda mrefu, pengine saa nzima, sikuwa nimeiwaza.

Saa sita na nusu mtoto mmoja alipiga mbio uani akisema kuna mzee anavutana na mbuzi barabarani.

Niliona kutoka dirishani. Pikapu, tulikuja kuambiwa, ilikwama kwenye udongo mweusi, kilomita mbili nyuma, na Jeremiah alibaki kuisukuma. Baba alishuka na mbuzi. Alikuja mbele ya wale wazee wawili, suti yake ya kijivu imekuwa rangi ya shamba, kiatu kimoja mkononi, kamba tatu zimezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Beberu alikuwa akivuta kulia. Yule mwekundu alikuwa ameketi, kweli ameketi, katikati ya njia, na Baba alikuwa akizungumza naye. Sikusikia anasema nini. Alimbeba hatua zilizobaki, miguu inaning'inia, hadi uani kwa Kaloki.

Hakuna aliyecheka. Kaloki alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye mguu usio na kiatu. Kisha mwenyewe akaenda kuleta kiti, kile chenye mgongo, akamwekea.

Maneno ya wazee yalikuwa marefu na sitayaandika yote. Mbuzi walitazamwa meno na viwele. Kisha Mama akaitwa. Alitoka akiwa amefunga kitambaa kipya, shangazi wawili huku na huku, akasimama katikati ya uwanja. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Kaloki akauliza, kama inavyoulizwa kila mahali:

"Kamanthe. Unajua hawa wageni?"

"Namjua huyo mmoja," Mama alisema.

"Wameleta mbuzi. Tuchinje, ama tuwarudishie?"

Msichana hujibu mara moja hapo. Winrose alijibu kabla swali halijaisha. Mama alikaa kimya.

Alikaa kimya hata wazee wakaanza kutazamana. Shangazi mmoja alimgusa kiwiko. Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti na kamba mikononi, matone yakimshuka usoni. Alianza kuinuka, kisha akaketi tena. Sijawahi kumwona Baba akingoja jibu asilolijua.

"Kamanthe," Kaloki alisema, "watu wanangoja."

"Waache wangoje kidogo," Mama alisema. "Mimi nilingoja."

Akawatazama mbuzi, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuharakisha. Akamtazama Baba, kiatu chake, suti yake. Nikaona uso wake ukilegea kuanzia kwenye paji, polepole, na machozi yakashuka bila sauti yoyote.

"Chinjeni," alisema. "Hiyo nyekundu muiache. Mumtafutie Mwalimu maji moto ya miguu."

Vigelegele vilipanda. Nililia vibaya sana, kwa kelele, shangazi wakanicheka.

Jikoni, nyama ilipoiva, wakaanza. Wa kwanza alisimulia, wa pili akasimulia. Zamu ilipofika kwa Mama alisema tu kwamba mmoja alikataa kutembea na ilibidi abebwe. Wakataka zaidi. Akasema ngojeni izae kwanza, hadithi bado ni ndogo.

Jumapili, 13 Aprili

Baba ana mafua. Mama amemkataza kutoka kitandani, naye ametii.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka imepita. Ndolo amekuja, ameingia ndani, amekunywa vikombe viwili vya chai. Mama yake amekwisha kushona nguo ya Jumamosi. Nilimwomba msamaha kwa ile Jumapili ya langoni. Alisema hakumbuki, na si kweli.

Ijumaa, 25 Aprili

Kesho. Nyumba imefagiliwa mara tatu, mara mbili na mimi. Baba amezungushia michungwa iliyosalia matawi ya miiba, kwa ajili ya wageni wenye miguu minne.

Saa kumi simu ililia, na kwa mara ya kwanza nijuavyo mjomba Kaloki hakumtaka Mwalimu, alimtaka dada yake. Mama alisikiliza. Akauliza, "Wangapi?" Akauliza tena, "Wangapi?" Kisha akauliza kama wote wawili ni wa kike, na kama wamesimama, na kama wananyonya.

Baba aliinua kichwa kutoka kwenye miiba yake. "Nini imetokea?"

"Baiskeli yako imezaa," Mama alisema. "Mapacha."

Baba alikaa chini, juu ya ndoo, akacheka mpaka akavua miwani, na Mama akasimama juu yake akicheka pia, mkono mmoja begani mwake, simu bado imewashwa na Kaloki akisema halo, halo.

Baadaye Mama alinifuata chumbani nilipokuwa nikipiga pasi. Alikuwa ameniuliza jambo hili asubuhi, na sasa aliniuliza tena. Ile soksi nyeupe ya yule mwekundu ilikuwa mguu gani? Kesho jikoni zamu itafika kwake, na hataki kukosea.

Wa nyuma, nilimwambia. Wa kushoto.